Herufi Moja ya Kanali: Kitenzi cha Kawaida cha Kihispania katika Hali Tegemezi

1.0 Utangulizi

Katika mijadala yetu ya fasihi linganishi, Gabriel García Márquez hutajwa mara nyingi kuliko anavyosomwa, na pale anaposomwa husomwa kwa Kiingereza. Hilo halina lawama. Wengi wetu Kihispania hatukijui, na vitabu tulivyo navyo mikononi ndivyo hivyo. Hata hivyo, mhakiki anayetegemea tafsiri anawajibika kujua walau ni mzigo gani ulioanguka njiani. Makala haya yanakusudia kueleza mzigo mmoja tu, mdogo kwa umbo lakini mzito kwa maana, nao ni kitenzi cha kawaida cha Kihispania kinapotumika katika hali tegemezi ya wakati uliopo.

Nianze na mfano ambao sote tunaufahamu kwa sura. Riwaya fupi ya García Márquez iliyotoka kwanza katika jarida mwaka 1958, kisha kama kitabu mwaka 1961, inaitwa El coronel no tiene quien le escriba. Kwa Kiingereza inaitwa No One Writes to the Colonel, yaani “Hakuna Anayemwandikia Kanali”. Hiyo ni taarifa: msemaji anatuarifu jambo lilivyo. Jina la Kihispania halitoi taarifa kwa namna hiyo. Kitenzi chake cha mwisho, escriba, ni kitenzi escribir (kuandika) katika hali tegemezi. Katika hali ya kuarifu kitenzi hichohicho, kwa nafsi hiyohiyo, ni escribe. Tofauti ni herufi moja tu, e na a. Hoja yangu ni kwamba herufi hiyo inabeba sehemu kubwa ya msiba wa kanali, na kwamba Kiswahili, tofauti na Kiingereza, kina njia ya kuibeba.

2.0 Jina la Kitu Chenyewe

Wanaisimu wetu hutumia neno “dhamira” kwa kile ambacho vitenzi huonyesha wakati msemaji anapoarifu, anapoamuru, anapotaka au anapotilia shaka. Sisi wa fasihi neno hilo tumekwisha kulitwaa kwa kazi nyingine, na mtu akisema “dhamira ya kitenzi” mbele ya wahakiki, nusu ya darasa litaanza kutafuta ujumbe wa mwandishi. Kwa hiyo hapa nitasema “hali”: hali ya kuarifu kwa upande mmoja, na hali tegemezi kwa upande wa pili.

Antonio de Nebrija, katika sarufi yake ya Kikastilia ya mwaka 1492, aliorodhesha hali tano kwa kufuata mpango wa sarufi za Kilatini, na hali tegemezi ilikuwa mojawapo. Sarufi za Kiswahili zilizoandikwa na Wazungu zilifuata mkondo uleule. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, analipa umbo letu la aseme, tuende, wasome jina lilelile la Kilatini. Basi hapo ndipo mtego ulipo. Jina ni moja, lakini himaya zake katika lugha hizi mbili si sawa. Zinapishana kwa sehemu, na kwa sehemu kila moja inakwenda njia yake.

3.0 Umbo

Vitenzi vya Kihispania vimegawanyika katika makundi matatu kwa miisho yake: -ar, -er na -ir. Kanuni ya kuunda hali tegemezi ya wakati uliopo ni fupi. Chukua umbo la nafsi ya kwanza umoja katika hali ya kuarifu, kwa mfano hablo (nasema). Ondoa -o. Kinachobaki, habl-, ndicho shina. Kisha badilisha irabu: kitenzi cha -ar hupewa e, na vitenzi vya -er na -ir hupewa a. Yaani kila kundi linavaa nguo za mwenzake.

Hablar (kusema):
yo hable – niseme
tú hables – useme
él, ella, usted hable – aseme
nosotros hablemos – tuseme
vosotros habléis – mseme
ellos, ellas, ustedes hablen – waseme

Comer (kula): coma, comas, coma, comamos, comáis, coman.

Vivir (kuishi): viva, vivas, viva, vivamos, viváis, vivan.

Mambo manne yanastahili kuangaliwa hapa.

Kwanza, nafsi ya kwanza na ya tatu umoja zinafanana kabisa: hable ni “niseme” na pia ni “aseme”. Katika Kiswahili nafsi hukaa mbele ya kitenzi, kwa hiyo utata huu haututokei. Mhispania, pale muktadha usipomsaidia, hulazimika kutaja yo au él.

Pili, usted na ustedes ni “wewe” na “ninyi” za heshima, lakini hutumia umbo la nafsi ya tatu. Katika Amerika ya Kilatini ustedes imechukua nafasi ya vosotros, hivyo habléis ni umbo la kukutana nalo zaidi kwa waandishi wa Hispania.

Tatu, tahajia hubadilika ili sauti isibadilike. Buscar (kutafuta) hutoa busque, llegar (kufika) hutoa llegue, na cruzar (kuvuka) hutoa cruce. Msomaji asishtuke akadhani amekutana na kitenzi kisicho cha kawaida. Sikio halisikii ajabu yoyote. Ni jicho tu linalobabaika.

Nne, hable na aseme zote zinaishia na e, na vitenzi ambavyo kwa kuarifu vina a (habla, anasema) ndivyo vinavyogeuka. Hii ni sadfa, wala tusianze kutafuta undugu. E ya Kihispania imerithiwa kutoka Kilatini, na e yetu tumeirithi kwa wazee wetu wa Kibantu. Lakini ni sadfa yenye manufaa kwa mwanafunzi. Aliyezoea kugeuza sema kuwa aseme atageuza habla kuwa hable bila jasho. Kazi inabaki kwenye coma na viva, ambako lazima aende kinyume na mazoea. Tena Kihispania hakina kundi linalokataa kugeuka kama vile vitenzi vyetu vyenye asili ya Kiarabu: sisi husema “nataka ajaribu”, “nataka asafiri”, na irabu ya mwisho haitikisiki.

4.0 Mahali Tunapokutana

Kuna maeneo ambamo Mswahili hahitaji mwalimu. La kwanza ni utashi wa mtu mmoja juu ya tendo la mwingine:

(1) Quiero que hables. – Nataka useme.
(2) Cocino para que los niños coman. – Napika ili watoto wale.

Pale mtendaji anapokuwa mmoja, Kihispania huacha hali tegemezi na kutumia kitenzi-jina: Quiero hablar, “Nataka kusema”. Hapa tujihadhari kidogo, kwa kuwa katika mazungumzo sisi husema pia “Nataka niende”. Mhispania hasemi hivyo.

La pili ni amri. Angalieni jinsi lugha hizi mbili zinavyokubaliana. Amri ya kawaida ina umbo lake: habla, “sema”. Ikikanushwa tu, umbo hilo hutoweka na hali tegemezi inaingia: no hables, “usiseme”. Na amri ya heshima, hable usted, hupita njia hiyohiyo, kama vile kwetu “useme” ilivyo laini kuliko “sema”. Kukataza ni kutaka jambo lisiwe. Kuamrisha kwa adabu ni kutaka bila kusukuma. Lugha zote mbili zimeliona hilo.

La tatu ni dua na matakwa. Viva, ambayo wengi huidhani kuwa ni kelele tu ya mkutano, ni kitenzi kamili: “aishi”, “adumu”. Neno hili liko hivyohivyo katika Kireno, na ndiyo sababu “Viva Frelimo” haikuwa ngeni katika Dar es Salaam, mji ambamo chama hicho kiliundwa mwaka 1962. Wenyeji nao walikuwa na “Zidumu fikra za Mwenyekiti!” na jibu lake “Zidumu!”. Sarufi yake ni ileile. Kihispania pia hupatanisha kitenzi na mtendaji kama sisi tunavyofanya: Viva la maestra, “Adumu mwalimu”; Vivan los estudiantes, “Wadumu wanafunzi”. Msibani husemwa Que descanse en paz, “Apumzike kwa amani”.

Hapa pia ndipo ilipo ojalá, neno la kutamani ambalo daima hufuatwa na hali tegemezi: Ojalá hablen, “Inshallah watasema”. Asili yake ni Kiarabu cha Andalusia, maneno yenye maana ya “kama Mungu angependa”. Kwa hiyo tunaposema “inshallah” au “laiti”, na Mhispania anaposema ojalá, sote tumekopa duka moja, ijapokuwa kwa milango tofauti. Tofauti ni kwamba sisi baada ya inshallah twaendelea na -ta-, na baada ya laiti twatumia -nge-. Yeye anabaki palepale kwenye hable na viva.

5.0 Mahali Tunapoachana

Kama kazi ya hali tegemezi ingekuwa kutaka na kuamuru tu, makala haya yangeishia hapa. Lakini Kihispania huitumia pia mahali ambapo hakuna anayetaka chochote. Kanuni inayoyaunganisha maeneo yote, kwa maoni yangu, ni hii: hali ya kuarifu hutumika pale msemaji anaposimama nyuma ya jambo na kusema “hivi ndivyo lilivyo”, hali tegemezi hutumika pale anapolitaja jambo bila kulisimamia.

Tuanze na shaka:

(3a) Creo que vive aquí. – Nadhani anaishi hapa.
(3b) No creo que viva aquí. – Sidhani kama anaishi hapa.

Kitenzi chetu, “anaishi”, hakikubadilika hata kidogo. Lakini hebu tazameni kilichobadilika. Katika (3a) ukitaka kuongeza kiunganishi utasema “nadhani kwamba”. Katika (3b) ulimi wenyewe unakimbilia “kama”. Kiswahili kimeonyesha shaka, ila kimeionyesha kwenye kiunganishi na si kwenye kitenzi.

Hisia ndizo zinazowasumbua wanafunzi zaidi:

(4) Me alegra que vivas aquí. – Nafurahi kwamba unaishi hapa.

Hapa jambo ni la kweli kabisa; unaishi hapa, na sote tunajua. Sasa mbona vivas na si vives? Kwa sababu habari ninayoitoa ni furaha yangu, siyo makazi yako. Makazi yako yametajwa tu kama jambo linalojulikana. Mfano huu unatosha kuvunja ile dhana kwamba hali tegemezi ni “hali ya mambo yasiyo ya kweli”. Anayeishika dhana hiyo atawasoma vibaya waandishi wa Kihispania, atafikiri msimulizi anatilia shaka jambo ambalo msimulizi hana shaka nalo.

Vipi kuhusu wakati ujao?

(5a) Cuando hablas, te escucho. – Unaposema, nakusikiliza.
(5b) Cuando hables, te escucharé. – Utakaposema, nitakusikiliza.

Sisi tunalo -taka-po-, na tunautaja wakati ujao waziwazi. Mhispania hautaji kwenye kishazi hicho. Kwake, tendo ambalo bado halijatokea halijapata mtu wa kulisimamia.

Na aunque:

(6a) Aunque vive lejos, llegará. – Ingawa anaishi mbali, atafika.
(6b) Aunque viva lejos, llegará. – Hata kama anaishi mbali, atafika.

Tafsiri ya (6b) si ya kudumu, kwani wakati mwingine msemaji anajua fika kwamba mtu huyo anaishi mbali, ila analipuuza jambo lenyewe. Hata hivyo mwelekeo ni huo: “ingawa” inaarifu, “hata kama” inapita bila kuarifu.

Eneo la mwisho ndilo lenye utajiri, nalo ni vishazi vya kurejesha:

(7a) Busco a una maestra que habla suajili.
(7b) Busco una maestra que hable suajili.

Katika (7a) mwalimu yupo, ninamjua, nimempoteza tu kwenye umati. Katika (7b) simjui, na huenda hayupo duniani. Ninachokijua ni sifa ninayoihitaji. Kihispania kimetofautisha mara mbili, kwa kitenzi na kwa kile ki-neno a kinachomtangulia mtu maalumu. Je, Kiswahili kinasemaje? Mtu wa haraka atajibu kuwa zote ni “mwalimu anayesema Kiswahili”. Asubiri kidogo. (7a) ni “Namtafuta mwalimu anayesema Kiswahili”. (7b) ni “Natafuta mwalimu anayesema Kiswahili”. Walimu wa sarufi hutuhimiza tuweke kiambishi cha yambwa kila yambwa anapokuwa mtu, lakini msomaji wa matangazo ya magazetini anajua kuwa “Natafuta mchumba” si sawa na “Namtafuta mchumba wangu”. Wa kwanza bado yuko mpweke. Wa pili amechelewa miadi. Kiambishi -m- kinafanya kwetu kazi ambayo Mhispania anaigawanya kati ya a na hali ya kitenzi.

Na wakati mwingine hata e yetu inajitokeza papo hapo. “Nitafutie fundi anayetengeneza paa” na “Nitafutie fundi atengeneze paa” hazifanani. Wa pili ndiye que repare el techo: fundi ambaye bado ni hitaji, hajawa mtu.

6.0 Kurudi kwa Kanali

Sasa tunaweza kulisoma jina la riwaya. No tiene ni “hana”. Quien ni “ambaye” au “mtu wa”. Le ni yambwa, “-mw-”. Na escriba ni hali tegemezi ya escribir, kitenzi cha -ir kilichopewa a kama kanuni inavyotaka. Mwandishi huyo wa barua si mtu fulani aliyeacha kuandika. Ni nafasi tupu, kama yule mwalimu wa (7b).

Mtu anaweza kupinga, na upinzani wake una nguvu: baada ya no tiene quien, sarufi ya Kihispania inalazimisha hali tegemezi. Mwandishi hakuchagua chochote, kwa nini basi tumpe sifa ya uchaguzi? Nakubali kuwa hakuchagua irabu. Alichokichagua ni muundo. Kihispania kinaruhusu vizuri kabisa kusema Nadie le escribe al coronel, sentensi ya kuarifu, sawasawa na jina la Kiingereza. García Márquez aliiacha. Alichukua muundo unaoanza na kanali mwenyewe, unaomfuatisha kitenzi cha kumiliki kilichokanushwa, na unaomalizia kwa tendo lisilo na mtendaji.

Na hiyo ndiyo riwaya yenyewe. Kanali ni mzee aliyepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kila Ijumaa hushuka gatini kungoja mashua ya posta, akitarajia barua ya pensheni yake, na amengoja kwa miaka mingi. Mwanawe Agustín ameuawa. Kilichobaki nyumbani ni jogoo wa mapigano aliyekuwa wa marehemu, pamoja na mke mgonjwa wa pumu, na wawili hao kazi yao ni kuhesabu kilichobaki cha kuuza ili wale. Ni kitabu cha watu “wasio na”. Jina la Kiingereza limelitupa neno “kuwa na”, na pamoja nalo limetupa ufukara. Limebakisha posta tu.

Kwa Kiswahili tunazo njia tatu walau:

(8a) Hakuna Anayemwandikia Kanali
(8b) Kanali Hana Anayemwandikia
(8c) Kanali Hana wa Kumwandikia

(8a) ni Kiingereza kilichovaa kanzu. (8b) inamrudisha kanali mwanzoni na inarudisha umaskini wake, lakini “anayemwandikia” bado inasikika kama habari ya barua. (8c) ndiyo ninayoitetea. “Hana wa” ni kauli ambayo Mswahili huitumia kwa mtu aliyeishiwa na watu: hana wa kumtuma, hana wa kumlilia, hana wa kumzika. Kitenzi kinachofuata hakiarifu tendo lolote. Kinataja hitaji lililokosa mtu wa kulitimiza. Hiyo ndiyo kazi ya escriba. Kiswahili hakikutumia e hapa, na hakukuwa na haja. Kilitumia kitenzi-jina, na maana ikafika salama.

7.0 Hitimisho

Kwa mwanafunzi anayeanza Kihispania, ushauri wangu ni kwamba irabu za hablar, comer na vivir zinaweza kushikwa kwa juma moja. Baada ya hapo asikariri orodha ndefu za “maneno yanayodai hali tegemezi”. Ajiulize swali moja kila mara: je, msemaji analisimamia jambo hili au analitaja tu? Na akitafsiri, asibandike e kila anapoona hali tegemezi. Mara itakuwa e, mara “kama”, mara “hata”, mara -taka-po-, mara kukosekana kwa -m-, mara “wa ku-”. Kazi hiyo Kiswahili kimeigawa kwa wafanyakazi wengi.

Kwa wahakiki, jambo lenyewe ni zito zaidi. Tunapojenga hoja juu ya msimulizi wa Amerika ya Kilatini, kwamba ana hakika au hana, kwamba anaamini maajabu anayoyasimulia au anayadhihaki, tunajenga juu ya hali za vitenzi ambazo Kiingereza aghalabu hakizionyeshi. Tena Kihispania si lugha ya mbali hivyo. Guinea ya Ikweta, nchi ya Kiafrika iliyopata uhuru mwaka 1968, ina waandishi wanaokitumia, na wamo waliokua wakisema lugha za Kibantu: María Nsue Angüe aliyeandika Ekomo (1985), na Donato Ndongo-Bidyogo aliyeandika Las tinieblas de tu memoria negra (1987). Kuwasoma hao kwa kupitia London au New York ni kuzunguka mbuyu bila sababu.

Idara zetu hazihitaji kungoja wataalamu kumi wa Kihispania ndipo zianze. Mwanafunzi mmoja mwenye kamusi, mwenye matini asilia mezani, anayejua tofauti ya escribe na escriba, anatosha kuibana tafsiri ya Kiingereza kwa maswali. Tafsiri inayojibu tutaitegemea. Isiyojibu, tutajua ni mahali gani pa kuiacha na kuandika ya kwetu.